St Helena kwa Siku Moja: Vitu Kumi Tumevipanga, Njoo Ubishe

Kuna visiwa ambavyo meli za kitalii huvipitia kwa sababu viko njiani. St Helena hakiko njiani kwenda popote. Kimejikalia katikati ya Atlantiki ya Kusini, karibu kilomita 1,950 kutoka pwani ya Afrika, na jirani yake wa karibu ni kisiwa cha Ascension, kilomita 1,300 hivi. Jirani wa namna hiyo huwezi kumwazima chumvi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122, kwa hiyo Unguja ingekimeza zaidi ya mara kumi na bado ikaulizia kitoweo. Wakazi ni kama 4,400, ni eneo la ng'ambo la Uingereza, na ardhi yote ni milima, makorongo na majabali yanayoshuka wima mpaka baharini. Mungu alipokuwa anagawa tambarare, kisiwa hiki kilikuwa kimelala.

Meli hutia nanga asubuhi, huondoka jioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa meli hafikii hata chai ya siku ya pili, kwa hiyo jembe hatalishika, na kuona kila kitu hatawahi. Inabidi achague.

Ndiyo sababu tumeunda jopo. Jopo lina mtu mmoja, ambaye ndiye mwenyekiti, katibu na mhasibu, na posho amejilipa. Vigezo ni vitatu: je, kitu hicho kinastahili saa zako chache? Je, hadithi yake unaweza kuipata kwingine? Na je, ukikisimulia nyumbani watu wataacha kula wakusikilize?

Mashabiki wa Napoleon, kunyweni maji kwanza. Mtu wenu yumo, ila hajakaa mnapotarajia.

10. Pauni ya St Helena

Watu 4,400 na bado wana pesa yao. Noti zao, sarafu zao, benki yao. Thamani ni sawasawa na pauni ya Uingereza, moja kwa moja, na pale Jamestown, mji mkuu, unaweza kulipa kwa yoyote kati ya hizo mbili bila mtu kukunja uso.

Kasheshe huanza ukishaondoka. Pauni ya Uingereza inapokewa St Helena, lakini pauni ya St Helena ukiitoa dukani London, utarudishiwa pamoja na swali. Ni ule undugu wa mjomba wa mjini: akija kwako anachinjiwa kuku, wewe ukienda kwake wamekula tayari.

Sarafu ya pensi tano ina picha ya kobe. Mkumbuke huyo kobe, tutakutana naye huko juu, na hakuingia kwa kujuana na mtu.

Hukumu: Beba sarafu moja ya kuwatambia watoto. Nyingine zitumie kabla ya boti ya mwisho, maana baada ya hapo ni vyuma tu.

9. Kilele cha Diana

Urefu wake ni mita 800 na ushei. Mtu wa Moshi tafadhali asicheke kwa sauti. Ni kweli, ukikiweka kando ya Kilimanjaro kitaonekana ni kichuguu kilichopewa jina la heshima. Lakini Kilimanjaro haujasimama peke yake katikati ya bahari, na kwa kisiwa kidogo hivi mita 800 zinatosha kuzuia mawingu na kuyakamua.

Matokeo yake ni kioja. Ukikitazama kisiwa kutoka melini unaona miamba mikavu, ya kahawia, isiyo na jani. Unaanza kujiuliza kama tiketi inarudishwa. Ukipanda ndani, ghafla kila kitu ni kijani, ukungu umekaa, makangaga yamekua mpaka yamekuwa miti, na kuna mimea na wadudu wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Ukungu huo una historia ya kuudhi watu wakubwa. Mwaka 1677 kijana wa Kiingereza aliyeitwa Edmond Halley, ambaye baadaye nyota yenye mkia ingepewa jina lake, alikuja hapa kupima nyota za anga ya kusini. Alisafiri miezi, akapanda mlimani na vyombo vyake, akatazama juu. Mawingu. Alifanya kazi yake hivyo hivyo, akiviziavizia, na orodha ya nyota akaipata. Wewe ukikosa picha nzuri ya kilele usimpigie kelele mwongozaji, umekosa pamoja na wanasayansi.

Njiani kuna burudani ya bure: madereva wa kisiwa hiki hupungiana mkono kila wanapopishana. Kila gari. Kila mara. Dereva wa daladala wa Mbagala angemaliza siku bila bega.

Hukumu: Pazuri, ila panakula muda. Mwenye magoti mabovu aridhike na dirisha la gari.

8. Kaburi la Napoleon

Haya, kelele zianze.

Napoleon Bonaparte aliletwa St Helena mwaka 1815 baada ya kupigwa Waterloo, akafa hapa tarehe 5 Mei 1821. Alizikwa kwenye bonde zuri lenye chemchemi, mahali alipopapenda mwenyewe. Mwaka 1840 Wafaransa wakaja, wakamfukua, wakampeleka Paris, na huko ndiko aliko mpaka leo.

Kwa hiyo tuelewane vizuri. Unapanda gari, unashuka bonde kwa miguu, unafika, unavua kofia kwa heshima, na ndani hamna mtu. Juu ya jiwe hamna hata jina. Wafaransa wa msafara wake walitaka liandikwe "Napoleon" peke yake, kama wafalme wanavyoandikwa. Gavana Mwingereza, Hudson Lowe, akataka na "Bonaparte" liwepo, ili marehemu asijione mfalme. Wakabishana mpaka wakachoka, na jiwe likabaki tupu. Hili ni shimo ambalo halina maiti, chini ya jiwe ambalo halina maneno, na watu wanavuka bahari kuja kulipiga picha.

Tuwe waadilifu: nyumba yake ya Longwood ina mambo. Kwenye mbao za madirisha alitobolewa vitundu vya kupitishia darubini, ili awachungulie walinzi wake bila wao kumwona. Mtu aliyeitikisa Ulaya nzima akaishia kuchungulia majirani. Hapo jopo lilicheka, likampa pointi mbili. Nyumba na kaburi vyote ni mali ya serikali ya Ufaransa tangu 1858, kwa hiyo ukiwa na haraka ya kufika Ufaransa, hapa ni karibu.

Hukumu: Namba nane, na ashukuru. Mwenye kaburi hakukaa kulilinda, sisi ni nani?

7. Mkonge wa New Zealand

Watu wa Tanga, sogeeni. Hii ni yenu.

Utaona miteremko mingi imefunikwa na mmea wenye majani marefu, magumu, yaliyochongoka kama panga. Si mkonge, lakini kazi yake ilikuwa ile ile. Uliletwa kutoka New Zealand, na tangu 1907 viwanda vya hapa vikawa vinauchakata kutoa nyuzi. Nyuzi zikawa kamba, na mteja mkubwa alikuwa Posta ya Uingereza, iliyozitumia kufungia barua. Uchumi wa kisiwa kizima ukaning'inia kwenye mafurushi ya barua za watu wengine.

Kisha Posta ikagundua kamba za plastiki. Kufikia 1966 viwanda vilikuwa vimefungwa. Hakuna vita, hakuna ukame, hakuna mdudu. Mtu ofisini London alibadilisha kamba, basi. Mtanga aliyeona mashamba ya mkonge yakigeuka msitu baada ya nyuzi za viwandani kuingia sokoni hahitaji kuelezwa zaidi. Anahitaji kiti tu.

Kichekesho chungu ni kwamba viwanda vilikufa lakini mmea ukakataa kufa. Sasa unasambaa milimani na kubana mimea ya asili, na wahifadhi wanang'oa kwa mikono kile ambacho babu zao walilipwa kukipanda.

Hukumu: Kivutio pekee kwenye orodha hii ambacho kinakushambulia ukikisogelea. Pongezi kwa bidii.

6. Uwanja wa ndege

Mpaka miaka michache iliyopita njia ya kufika hapa ilikuwa meli moja ya posta, RMS St Helena, iliyosafiri siku tano kutoka Cape Town. Mgonjwa, bibi harusi, gavana, kreti ya vitunguu, wote meli ile ile.

Waingereza wakaamua kujenga uwanja wa ndege. Wakajaza bonde zima mawe na udongo ili wapate sehemu ya kunyooka, gharama ikafika pauni milioni 285, na ufunguzi ukapangwa Mei 2016. Ndege ya majaribio ikaja kutua. Ikakutana na upepo. Upepo unaobadilika ghafla pale pale kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo rubani hataki mshangao wa aina yoyote. Ufunguzi ukaahirishwa, na magazeti ya Uingereza yakauita uwanja usio na faida kuliko yote duniani. Fikiria: umejenga nyumba, umepaka rangi, umealika watu, kisha fundi anakwambia mlango upo ila usiutumie.

Mwishowe ilipatikana ndege ndogo iliyoweza, na Oktoba 2017 safari za abiria zikaanza kutoka Johannesburg. Mwaka uliofuata meli ya posta ikastaafu.

Kwa nini uko namba sita? Kwa sababu abiria wa meli ya kitalii huja kuutazama uwanja ambao hatautumia, na anatoka pale akiwa ameridhika sana na meli yake.

Hukumu: Mahali pazuri pa kujifunza kwamba mipango ni ya binadamu na upepo una ratiba yake.

5. Plo na kahawa

Sasa tunaingia kwenye eneo la hatari.

Chakula cha nyumbani cha St Helena kinaitwa plo. Ni wali unaopikwa sufuria moja pamoja na nyama au samaki, mboga na bizari ya mchuzi. Ndiyo, umeona kama tunavyoona. Ni jamaa yake pilau. Kisiwa hiki kiliendeshwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kuanzia 1659 mpaka 1834, meli zikipita kutoka India na kwingineko Asia, zikishusha watumwa, vibarua, mchele na viungo. Yaliyotoka jikoni ndiyo hayo.

Je, plo ni pilau? Jopo lilijaribu kukwepa swali hili. Mpishi wa Zanzibar angelitazama sufuria, angeuliza iliki iko wapi, mdalasini uko wapi, karafuu zimekwenda wapi, na bizari hii ya njano imeingia kwa ruhusa ya nani. Kisha angeonja, angenyamaza, na angeomba kijiko kingine huku akisisitiza kwamba hii si pilau. Hilo ndilo jibu la jopo pia.

Baada ya plo, kahawa. Mbegu zake zililetwa mwaka 1733 kutoka bandari ya Mocha, Yemen, na mpaka leo zao ni dogo na bei yake ni ya kushika kifua. Sisi wa pwani tuliozoea kahawa chungu barazani, kikombe kwa shilingi chache na habari za mtaa bure, hapa tutalipa zaidi na habari hatutapewa. Lakini ladha ipo.

Hukumu: Kula. Bishana baadaye, melini una siku kadhaa za kufanya hivyo.

Hili halina namba: Bonde la Rupert

Hapa jopo linavua kofia ya mzaha.

Bonde la Rupert liko ng'ambo ya kilima tu kutoka Jamestown. Kuanzia 1840, manowari za Uingereza zilizokuwa zikikamata meli za biashara ya utumwa katika Atlantiki zilizileta hapa. Waafrika zaidi ya 25,000 walishushwa katika kisiwa hiki kwa takriban miaka thelathini, wengi wao wakitoka upande wa Kongo na Angola. Waliambiwa wako huru. Wengi walifika wakiwa mahututi kwa ndui, kuhara damu na njaa, na karibu 8,000 walikufa na kuzikwa kwenye mabonde haya. Walionusurika, wengi walipelekwa kufanya kazi katika makoloni ya Karibi.

Mwaka 2008, barabara ya kwenda kwenye ule uwanja wa ndege ilipokuwa ikitayarishwa, wanaakiolojia walifukua mabaki ya watu 325. Walihifadhiwa kwenye stoo mpaka 2022 ndipo wakazikwa tena kwa heshima. Linganisha mwenyewe: mtu mmoja alizikwa kwa ubishi wa jina lake, na kaburi lake tupu lina nyasi zilizokatwa vizuri. Maelfu hawakuulizwa majina.

Hatulipi namba kwa sababu hili si shindano. Nenda tu, hata kama ni nusu saa.

4. Ngazi ya Yakobo

Vidato 699. Usiwaamini wanaosema 700; kidato kimoja cha chini, wanasimulia wenyeji, kilifukiwa, na jopo halihesabu marehemu. Ngazi inapanda moja kwa moja kutoka mjini mpaka kwenye ngome juu ya jabali, mita 180 na zaidi, bila kona, bila kivuli, bila huruma.

Ilianza mwaka 1829 ikiwa njia ya reli ya kuvutia mizigo. Moja ya mizigo iliyopandishwa ni samadi ya mjini, ikienda kurutubisha mashamba ya juu. Kumbuka hilo utakapofika kidato cha 400 unahema na kuona nyota: unafuata nyayo za mbolea.

Watoto wa zamani walikuwa na njia yao ya kushuka. Walilala kwa mgongo juu ya vyuma viwili vya pembeni, mabega chuma hiki, miguu chuma kile, kisha wakateleza mpaka chini. Mzazi wa leo akisoma sentensi hiyo anahitaji kukaa.

Makumbusho iliyo chini ya ngazi huuza cheti cha kuthibitisha kwamba umepanda. Cheti ni cha karatasi, maumivu ya mapaja ni ya wiki nzima, na vyote viwili utawaonyesha wageni wako sebuleni.

Hukumu: Namba nne kwa sababu haikudanganyi. Imesema ni ngazi, na ni ngazi. Watu wangapi unaowajua wana uaminifu huo?

3. Wageni wa lazima, na Mzanzibari mmoja

Waingereza walipomaliza na Napoleon waliona kisiwa kimefaa, kwa nini kikae bure? Mwaka 1890 wakamleta Dinuzulu kaCetshwayo, mfalme wa Wazulu. Vita vya Makaburu vilipochacha, kati ya 1900 na 1902, wakaleta wafungwa karibu 6,000 wa Kikaburu, Jenerali Piet Cronjé akiwamo. Hata Wabahraini watatu waliopinga utawala walifungiwa hapa mpaka 1961. Kama kisiwa kingekuwa na kitabu cha wageni, kingekuwa na saini nzuri na maoni mabaya.

Lakini sisi tunamtafuta wetu. Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila kuwauliza Waingereza. Tarehe 27 mizinga ya manowari ikaanza asubuhi, na kwa hesabu inayotajwa sana, dakika 38 baadaye ilikuwa imekwisha. Vita vifupi kuliko vyote katika historia. Hata ugali wa watu wengi haujaiva.

Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Wao hawakuwa wamesahau. Akapelekwa uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na akafia Mombasa mwaka 1927. Vita dakika 38, kinyongo miaka ishirini. Kuna ndoa zimevunjika kwa uwiano mzuri kuliko huo.

Basi ukipanda lile gari la wazi la Chevrolet la mwaka 1929 linalozungusha watalii, na mwenzako wa kiti cha mbele akakuuliza kama umekuja kwa ajili ya Napoleon, mjibu kwa ustaarabu kwamba una jamaa aliyewahi kuishi hapa.

Hukumu: Mtu wa pwani yetu akirudi akamsimulia Napoleon peke yake, ameenda msibani akamlilia maiti wa nyumba ya pili.

2. Jonathan

Ndiyo, kobe. Aliye kwenye sarafu.

Jonathan ni kobe mkubwa kutoka Shelisheli. Aliletwa St Helena mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, ndiyo maana kuzaliwa kwake kunakadiriwa kuwa mwaka 1832. Guinness World Records wamemtambua kuwa mnyama wa nchi kavu mwenye umri mkubwa kuliko wote walio hai wanaojulikana. Mwaka 1848, Johannes Rebmann aliposema ameona theluji Kilimanjaro na wasomi wa Ulaya wakamcheka, Jonathan alikuwa na miaka kama 16. Hakuchangia mjadala huo. Alikuwa anatafuna.

Makazi yake ni bustani ya Plantation House, nyumba ya gavana. Magavana huja, hupiga picha naye, muda wao ukaisha wakaondoka. Ni vigumu kujua nani mwenye nyumba na nani mpangaji, ila ukiangalia miaka, jibu linakuja lenyewe. Macho yamepofuka, pua haisikii harufu, lakini hamu ya kula ipo. Ukitaka kuwaona jamaa zake karibu na nyumbani, nenda Changuu, hapo mbele ya Mji Mkongwe. Nao walitoka Shelisheli kama zawadi. Na kama unavyojua, Changuu nacho kilijengewa jela. Inaonekana Waingereza wakishaona kisiwa, mawazo yao ni mawili tu: kifungie watu, kipelekee kobe.

Sasa ule ulinganisho mliokuwa mnaukwepa. Napoleon alikaa St Helena miaka mitano na nusu, akailalamikia nyumba, unyevu, chakula na gavana mpaka siku ya mwisho. Jonathan amekaa tangu 1882 na hajaandika barua moja ya malalamiko. Napoleon aliondolewa. Jonathan yuko kwenye pesa.

Hukumu: Ushindi wa magoli mengi, kwa timu iliyocheza ikitembea.

1. Kamba ya gatini

Najua. Umeshuka mpaka hapa ukitegemea kitu cha kifahari, na jopo linakuletea kamba. Tulia, sikiliza hoja.

Meli kubwa haiwezi kuegesha Jamestown. Inatia nanga kwenye maji ya kina, abiria wanapakiwa kwenye boti ndogo, na boti inasogea kwenye ngazi za mawe zilizolowa, chini ya jabali. Mawimbi ya Atlantiki yanaipandisha boti, yanaishusha, yanaipandisha. Juu ya ngazi kuna chuma, na kwenye chuma zimening'inia kamba. Unasubiri boti ipande, mtu anakupigia kelele "sasa!", unakamata kamba, unaruka, na mikono ya wenyeji wenye nguvu inakuvuta nchi kavu. Hapo haijalishi chumba chako melini kina roshani au kiko karibu na injini. Bahari inataka kujua kitu kimoja tu: umeshika au hujashika.

Na wakati mwingine hufiki hata hapo. Mawimbi yakichafuka nahodha anatazama, anatikisa kichwa, meli inazunguka kisiwa kidogo ili watu wapige picha, kisha inaondoka. Umesafiri siku kadhaa, umeona kila kitu na hujagusa kitu. Vivutio vyote tisa vilivyotangulia vinamtegemea huyu bawabu mmoja, na hapokei chochote mkononi.

Tena angalia waliopita pwani hii ya Jamestown. Napoleon alishushwa usiku wa tarehe 17 Oktoba 1815, akikwepa macho ya umati uliojaa kumshangaa. Charles Darwin alishuka mwaka 1836, akatembea milimani siku kadhaa, akaondoka. Ninayempenda zaidi ni mkazi wa kwanza kabisa, Mreno Fernão Lopes. Alikuwa askari aliyekatwa mkono, kidole gumba, masikio na pua huko Goa kwa kuasi, na mnamo 1516 meli yake iliposimama hapa kuteka maji, akajificha ikamwacha. Aliishi peke yake miaka mingi na jogoo aliyemfuata kila aendako. Meli zilipokuja aliingia msituni, akasubiri ziondoke. Ndiye mtu wa kwanza kuitazama meli ya wageni ikitia nanga St Helena na kusema hapana, asante.

Hapo ndipo kisiwa hiki kinapojieleza. Umaarufu wake umejengwa na watu walioshushwa kwa nguvu na kuzuiwa kuondoka. Leo kinapokea watu wanaolipa pesa nzuri washuke, na hawaruhusiwi kubaki. Katikati ya hao wote kuna mawimbi, ngazi telezi na kamba, na kamba haijawahi kumuuliza mtu cheo chake.

Hukumu: Namba moja, kwa kura zote za jopo, yaani moja.

Rufaa zinapokewa. Anayetaka Napoleon apandishwe alete sababu tatu, na angalau moja isiwe kofia yake. Watu wa Tanga, mkonge hautapanda, hata mkija na basi zima. Na Wazanzibari mnaodai Khalid ndiye alistahili kuwa wa kwanza, mna hoja nzito, ila mkumbuke ndugu yenu aliishika nafasi ya kwanza mwaka 1896, na akakaa nayo siku mbili.